Nani Alikufundisha Kupiga Chuma?

Jirani yangu hapa Mandewa ana gereji, na kila Jumamosi vijana wake humwaga oili chafu kwenye mchanga ulio nyuma ya ukuta wangu. Nimewakataza mara nyingi. Wanadhani bibi huyu anachukia uchafu, nami nimewaacha wadhani hivyo, maana nikianza kuwaeleza hatutamaliza. Ukweli ni kwamba mchanga uliolowa oili ukipigwa na jua la saa nane hutoa harufu inayonirudisha kwetu Kiomboi, kwenye kiwanja cha gofu alichokitunza baba yangu, na nikishafika pale kwa mawazo sina raha siku nzima. Nina umri wa kuitwa bibi, na bado nina hasira za mtoto wa miaka kumi na miwili. Wacha niwasimulie, mtaamua wenyewe kama nina haki.

Msishangae kusikia habari za gofu huko kwetu. Wazungu walipokuwa wakitawala walijitengenezea kiwanja kidogo cha mashimo sita, na kwa kuwa nchi yetu ni kavu na majani mabichi hayadumu, kuzunguka kila shimo walitandaza mchanga uliochanganywa na oili ya magari ili upepo usiupeperushe. Uhuru ulipokuja wakaondoka, wakaacha mashimo yao na mtu wa kuyatunza. Mtu huyo ndiye baba yangu, Yona Msengi. Ujanani alikuwa Sekenke kwenye machimbo ya dhahabu, akiwabebea wazungu wa mgodi mabegi yao walipocheza. Kote huko hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wazungu walimwita Jack, kwa sababu aliyemtangulia katika kazi ile walimwita Jack na hawakuona haja ya kujisumbua upya. Waafrika wenzetu waliochukua nafasi zao wakamwita Mzee wa Majani.

Lakini mikono yake iliujua mchezo ule kuliko wote waliompa amri. Alikuwa na fimbo moja tu, yenye kichwa cha chuma, ile iitwayo chuma namba saba, aliyoiokota ikiwa imevunjika mpini. Aliunga mpini kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikakauka na kubana mpaka ukawa imara kuliko mwanzo. Kwa chuma hicho aliweza kukuonyesha kwa kidole mahali mpira utakapoangukia, halafu akaupiga ukapita juu ya uzio wetu wa minyaa na kuangukia palepale. Nilipofikisha miaka tisa akaanza kunifundisha na mimi, jambo lililowachekesha sana majirani, kwamba Yona amekosa mtoto wa kiume wa kumpa ujinga wake. Alinifundisha kusikiliza. Chuma kikigonga mpira kwanza na udongo baadaye, kinatoa mlio mkavu, mfupi. Kikianza na udongo, kinakohoa.

Katika miaka ile ya baada ya Azimio, alihamia wilayani kwetu afisa mmoja kijana. Nitamwita Bwana Elia, ambalo si jina lake, maana watoto wake wapo na hawana kosa. Asubuhi alizunguka vijijini kwa Landrova akiwahutubia watu kuhusu kujitegemea na ubaya wa mtu kumnyonya mwenzake. Saa kumi jioni alibadili viatu, akampa baba begi lake la gofu abebe. Baba angeweza kabisa kumzaa, lakini shikamoo ilikuwa haimtoki. "Vipi, mzee," ndiyo ilikuwa salamu yake, na baba alivua kofia kuipokea. Kofia ile iliniuma kila siku.

Bwana Elia alikuwa na seti nzima ya fimbo, aliyonunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo, ila vyuma vilimshinda. Kiwanja chetu kilikuwa na udongo mgumu na majani ya kuhesabu, mpira umekaa juu ya ardhi tupu, na yeye aliuona kuwa ni kitu kinachopaswa kuinuliwa. Basi aliinamia nyuma, uzito wote mguu wa kulia, akakunja vifundo vya mikono na kuchota. Mara achimbe vumbi shubiri nzima nyuma ya mpira, mara aupige utosini ukimbilie majanini kama kwale. Kila akikosa aliiangalia fimbo kwa hasira, kisha akamwangalia baba.

Siku moja baba hakuvumilia. Alivua kofia kwanza.

"Samahani, Mheshimiwa. Mpira hauinuliwi."

"Sasa utapandaje?"

"Chuma chenyewe kina uso uliolala, kazi ya kuinua ni yake. Wewe shuka tu."

Bwana Elia alitazama huku na huku kuona kama kuna aliyesikia. Nilikuwepo mimi peke yangu na ndoo yangu ya oili ya kumwagia mchanga, na mimi sikuhesabiwa. Akamwambia baba aonyeshe. Baba akaonyesha, na kuanzia siku ile akawa mwalimu wake, kila saa kumi, kwa sharti kwamba watu wengine wasijue. Kiangazi kile kulikuwa na mashindano ya maafisa Singida mjini, na Bwana Elia alitaka kombe. Mwenyewe, bila kuombwa, alimwahidi baba hivi: "Nikishinda, mzee, nitasimama mbele ya wakubwa wote wa mkoa niseme mwalimu wangu ni nani. Jina lako kamili, wakusikie."

Baba alirudi nyumbani akatueleza mara tatu. Mama alikuwa akipepeta. Akamuuliza jina lenyewe Mheshimiwa analijua? Baba akasema atamwambia. Na kweli kesho yake alimwambia, mbele yangu, polepole: Yona Msengi. Bwana Elia akalirudia. Tangu siku hiyo baba alitembea tofauti, na ndiyo maana siwezi kusema kwamba lilikuwa jambo dogo. Hakutaka kingine chochote kwa yule mtu.

Alimfundisha kwa uaminifu mpaka nikaona wivu. Alichora mstari vumbini kwa kidole cha mguu, akaweka mpira juu yake, akamwambia kovu la fimbo lianzie mbele ya mstari, si nyuma. Wiki mbili makovu yote yalikuwa nyuma. Alimwambia mikono itangulie, kichwa cha fimbo kifuate. Alimshika nyonga akamsukuma aegemee mguu wa kushoto. Bwana Elia aliitikia kila kitu kwa mdomo, halafu mpira ukifika tu mbele ya macho yake, anaanza tena kuchota. Mazoea ya mwili wa mtu aliyekaa ofisini ni magumu kuyatoa.

Ndipo baba akamleta nyumbani kupura mtama.

Ilikuwa Julai, mama alikuwa ametandaza masuke kwenye uwanja wetu uliokandikwa samadi na kukaushwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Bwana Elia alisimama pembeni na suti yake ya Kaunda akiwa hajaelewa anachezewa au vipi. Baba akampa fimbo ya kupuria. Pigo la kwanza alipiga kwa vifundo vya mikono tu, fimbo ikadunda ikamgonga ugoko. Mimi nilicheka, mama akanikata jicho. Kisha mama, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu yeyote aliyesimama kwenye uwanja wake, akachukua ile fimbo.

"Mwanangu, usipigane nao. Uangukie. Mguu huu uende mbele, mwili uende, na fimbo itakuja yenyewe. Nani ameona mtu anainua mtama?"

Akamrudishia. Bwana Elia akapura mpaka jasho likamtoka mgongoni, na tuliona wote watatu mwili wake ukielewa kabla ya kichwa chake. Papo hapo baba akamwekea mpira kwenye udongo mtupu na kumpa chuma namba saba, kile chake cha ngozi. Mlio ulikuwa mkavu. Mpira ulipanda ukapita minyaa. Bwana Elia alibaki ameshikilia fimbo hewani, na nikiri, uso wake ulikuwa mzuri wakati ule.

Alipoondoka, baba akajisifu kwamba mbinu ile ameibuni yeye. "Na kupura uliona kwa nani?" mama akamuuliza, akaendelea na kazi yake.

Siku ya mashindano baba aliomba nami nipande Landrova. "Uje usikie," aliniambia. Nilivaa gauni la kanisani. Yeye alivaa koti ambalo kwa kawaida lilitoka sandukuni siku ya Krismasi, akabeba begi juu ya koti lile siku nzima kwenye jua. Bwana Elia alipiga vyuma kama mtu aliyezaliwa navyo. Kila mlio mkavu ulipotoka, baba alinitazama kutoka mbali.

Jioni wakampa kombe. Wakubwa walikaa kwenye viti, sisi tulisimama nyuma ya gari na wenzetu waliobeba mabegi. Mzee mmoja mwenye miwani akamuuliza mshindi kwa sauti, wote wasikie, ni nani amemfundisha kupiga chuma namna ile. Baba akavua kofia. Akaishika kifuani, akijiandaa.

Bwana Elia alitabasamu. "Ndugu zangu, sikufundishwa na mzungu wala na mtu yeyote. Nilijifunza mwenyewe. Huku ndiko kujitegemea."

Walishangilia sana. Na baba yangu, mbele yangu, aliikunja ile kofia akaitia mfukoni ili mikono ipate nafasi, akapiga makofi.

Kwa ahadi ile ningeweza kumchukia Bwana Elia peke yake. Kwa makofi yale nilimchukia na baba. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Alisahau. Watu walikuwa wengi." Nikamjibu kwamba hakusahau, alitazama upande wetu kabisa kabla ya kusema. Baba akaniambia nikalale.

Kesho yake, kabla watu hawajarudi kutoka kanisani, nilichukua begi la Bwana Elia lililokuwa limelala kwetu, nikatoa mipira yake yote. Wakati ule mpira wa gofu haukupatikana dukani hata ungekuwa waziri. Niliipanga kwenye udongo, nikachukua chuma cha baba, nikaanza kuipeleka mmoja mmoja kwenye kichaka cha miiba ng'ambo ya korongo. Sijawahi kupiga vizuri kama siku ile. Nililia na kupiga, kupiga na kulia, na kila mpira ulipanda ukaenda nilikotaka. Nilipofika wa saba au wa nane nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Nikangoja kofi.

"Mguu wa kushoto," baba alisema. "Unachelewa."

Nikarekebisha mguu. Nikamaliza mipira yote akinitazama. Halafu, mbele ya macho yangu, akachukua panga akavuka korongo, akashinda kwenye miiba ile mpaka jua likazama, akaiokota yote, kuanzia ule wa kwanza hadi ule wa mwisho, akairudisha begini ikiwa imefutwa. Mikono ilikuwa imechanwa hadi kwenye viwiko. Saa kumi ya Jumatatu Bwana Elia alikuja, akasema, "Vipi, mzee," na baba akabeba begi. Sikumsemesha baba hadi Novemba.

Nilikua na hasira hiyo, nikasoma nayo, nikawa mwalimu nayo. Nilipangiwa shule katika mji mmoja wa kaskazini uliokuwa na klabu ya gofu, na kwa kuwa chuma kilikuwa bado mikononi mwangu, haikuchukua muda wake za wataalamu na wake za wakubwa wakaanza kunialika. Mwaka wa tatu nikashinda kikombe cha wanawake. Tuliketi kwenye meza ya chai yenye kitambaa cheupe. Upande mmoja wa kiti changu alikaa binti wa hakimu, upande wa pili mke wa daktari wa kigeni. Mwenyekiti wao akaniuliza kwa upole tu, vikombe vikatulia: "Mwalimu, nani alikufundisha kupiga chuma hivyo?"

Niliiona kofia. Niliona begi juu ya koti la Krismasi. Na kabla sijafikiri lolote, mdomo wangu ukasema, "Nilijifunza mwenyewe tu." Wakapiga makofi.

Miaka yote nilidhani Bwana Elia alipanga kutuibia, kwamba alikaa akawaza ubaya ule usiku na mchana. Pale mezani ndipo nilipojua kwamba inawezekana hakupanga chochote. Haihitaji ubaya mwingi. Inahitaji watu wazuri kukutazama, na sentensi fupi. Kujua hivyo hakujanifanya nimsamehe hata kidogo, bali hasira sasa ni kwa watu wawili, na mmoja naamka naye kila asubuhi.

Desemba nilikwenda nyumbani na kikombe changu. Macho ya baba yalikuwa yamefifia, akakipapasa kwa vidole, akauliza wameandika nini. Nikamsomea. Akauliza kama waliniuliza nani aliyenifundisha.

"Waliuliza, baba."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akamwita mama aje asikie. Mama alipokuja, baba akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akaniuliza kama waliweza kulitamka jina lake, maana wageni huwa linawapa shida. Nikamwambia walilitamka vizuri, lote, Yona Msengi.