Taa Niliyoizima Busia

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia gari likipiga breki, na kwa kuwa nyumba yangu iko kando ya barabara ya Malaba, naikumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kaa nikuambie, maana nasikia nawe umeanza kushika spana na watu wanakuita fundi. Hata mimi waliniita hivyo. Watu wana huruma.

Unanijua, mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa karibu na Uganda kiasi cha kusikia jogoo wao wakiwika, na bado nikivuka kununua sabuni natamani kurudi kabla sijafika dukani. Kwa hiyo siku lile gari-nyumba lilipoingia kwenye gereji yetu pale Busia, nililipenda papo hapo. Lilikuwa kuukuu, lakini ndani lina kitanda, jiko, pazia za maua, na viti vya mbele vinavyozungushwa vikatazama meza. Nikasema, hii ndiyo safari ninayoiweza: unaenda na kwako.

Wenyewe walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe, watu wa Butula. Walikuwa wakienda Kapchorwa, kule milimani Uganda, kumwona binti yao aliyejifungua. Kwenye dashibodi taa mbili zilikuwa zimekataa kuzimika: ya breki, na ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka kwenye usukani gari likigonga. Mwalimu akauliza kama kuna hatari. Nikamwambia gari likizeeka hupenda kulalamika, kama watu. Akacheka. Mkewe hakucheka, alienda kutuchemshia chai.

Sasa elewa tulivyokuwa tukifanya kazi. Wateja wetu wengi walikuwa madereva wa trela waliochoshwa na foleni ya mpaka. Dereva hakuambii tengeneza, anakuambia, "Boss, nizimie hiyo kitu nivuke." Nasi tulizima. Na namba ya simu ya mteja anayevuka hatukuichukua, kwa makusudi kabisa. Akishavuka, na lawama zake zimevuka.

Nikafanya vivyo hivyo. Mafuta ya breki yalikuwa yameshuka chini ya alama. Badala ya kujiuliza yameenda wapi, nikachomoa ule waya wa kwenye kifuniko cha chupa yake unaoiambia taa iwake. Hiyo ikafa. Ya mfuko wa hewa nikaiunganisha na waya wa taa ya chaji ya betri, ili iwake ukizungusha ufunguo na izimike injini ikinguruma, kama taa yenye afya. Nikazungushia tepu nyeusi, nikanywa chai ya mama wa watu vikombe viwili, nikawaambia waende salama. Walisema watampitia dada yake huyo mama pale Malaba, kisha wavuke.

Nikaenda kujisifu kwa Mama Nekesa, mwenye duka la spea. Alinisikiliza akipanga mikanda ya injini ukutani, kisha akauliza bila kugeuka:

"Taa ya breki, na kwangu ulinunua tepu tu?"

Nikasema ndiyo.

"Mafuta ya breki hayanywewi na mtu. Yameenda wapi?"

Sasa akageuka.

"Kapchorwa ni mteremko, wewe. Mzee wa watu atashuka huko na mke wake, aangalie dashibodi, aone kimya, akuamini. Nenda uwaambie. Mimi sitaki kusikia hiyo habari kwa redio."

Mwanangu, nilitoka mle dukani mbio. Nikapanda boda kwenda Malaba na begi la spana mgongoni. Njia nzima natazama mtaroni. Kila kitu cheupe nikaona ni wao, kumbe ni mbuzi, kumbe ni magunia. Malaba trela zilikuwa zimepangana hadi macho yanachoka. Nikauliza dereva mmoja baada ya mwingine kama ameona nyumba ikipita. Utingo aliyekuwa akisonga ugali kando ya gurudumu akanijibu, "Boss, ukipotelewa na nyumba si unampigia tu bibi akuelekeze?" Wenzake wakacheka. Siku nyingine ningemrudishia.

Niliwakuta wamebakiza magari matatu kufika langoni. Nikasimama mbele yao mikono juu, kama polisi wa barabarani aliyeibiwa kofia. Mwalimu akadhani nimewaletea kitu walichosahau.

"Taa nilizizima tu," nikamwambia. "Breki sikuigusa."

Akazima injini. Ni mkewe aliyesema, polepole, "Na ulituambia twende salama."

Heri angenitukana.

Tukalitoa gari kwenye foleni. Nilipofungua gurudumu la nyuma la kushoto, ndani kumelowa. Silinda ndogo ya breki ilikuwa ikivuja. Nikatafuta nyingine madukani, nikafunga, tukatoa hewa iliyoingia kwenye mirija ya breki: mwalimu kwenye pedali, mimi chini nikiita "bana, achia", hadi mafuta yakaja bila povu. Nikajaza chupa, nikarudisha waya. Taa ikabaki imezimika, safari hii kwa hiari yake. Kisha nikachomoa betri, tukangoja kidogo, maana ule mfuko wa hewa waweza kukufumukia usoni. Chini ya kiti cha dereva nikakuta waya zimevutwa kwa kule kuzungushwa, plagi imelegea. Nikaikaza, nikafungua ule ujanja wangu wa tepu. Niliporudisha betri, taa ya mfuko iliendelea kuwaka. Ilitaka mashine ya kufuta kosa lililobaki kwenye kumbukumbu ya gari, nami sikuwa nayo. Nikamwambia wazi: usiutegemee mfuko huu, fungeni mikanda, mkifika Mbale tafuteni mwenye mashine. Nikampa namba yangu.

Siku tatu nililala na simu kifuani. Ya nne ikalia. Mwalimu alisema, "Tulipanda na tumeshuka. Breki inashika." Nikakaa chini palepale, juu ya tairi bovu.

Mimi, mwanangu, sikufundishi kwa wema wangu. Nakufundisha kwa woga nilioupata. Mtu akikuambia zima taa, tafuta kwanza taa inasema nini. Ukishindwa, sema umeshindwa, uiache iwake, mwenye gari ajue anaendesha nini. Na namba ya anayeenda mbali ichukue, umpe na yako, upatikane siku ya lawama.

Mungu akupe macho ya kuona kinachovuja, na mdomo wa kukiri kabla gari halijafika langoni. Na kila atakayepanda gari uliloshika, ashuke kwa miguu yake mwenyewe.