Jozi ya Kamba Niliyoiacha Mchinga

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufuga kamba ndani ya nyumba, hucheka kwanza, kisha huuliza walikuwa na ladha gani. Siwalaumu. Hata mama mwenye nyumba wetu pale Mchinga aliuliza hivyo hivyo siku ya kwanza alipoinama mbele ya tangi langu na kuwaona wale wawili wa mistari myekundu na myeupe, wenye masharubu marefu kuliko mwili mzima.

"Hawa hawaliwi?"

"Hawaliwi, mama. Wa kutazama tu."

"Basi hao ni wageni," akasema. "Wanakaa, wanalishwa, kazi hawafanyi."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa chama cha wavuvi, kidato cha nne nimemaliza, na sikujua bado kwamba miguu yangu haitatulia mahali. Nyumba nilipanga pamoja na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Tulikula sahani moja. Yeye ndiye aliyenisaidia kulibeba tangi lenyewe: vioo vya kabati la duka lililofungwa, fremu ya mbao, na nta ya nyuki niliyoileta kutoka kwetu Njinjo kuzibia viungo. Umeme haukuwapo. Hewa niliipata kwa mpira wa ndani wa tairi la lori. Niliujaza kwa pampu ya baiskeli asubuhi na jioni, nao ukapumua kidogo kidogo kupitia mrija mwembamba mpaka chini ya maji. Kila siku bahari ikijaa nilichota ndoo mbili, maji safi ya kwenye mwamba, si yale ya ufukweni yenye mchanga.

Wale wawili niliwatoa katika shimo moja la mwamba, na nilijua ni mke na mume kwa sababu hawakugombana. Kamba wa aina ile ukimwekea mgeni humkata miguu. Jike alibeba mayai ya kijani chini ya tumbo. Mara ya kwanza watoto walitoka, wadogo kama chembe za vumbi, wakafa wote siku ya tatu. Mara ya pili walifika siku ya tisa. Nikaona tatizo ni chakula. Nikaweka chupa za maji ya bahari dirishani, na mavi kidogo ya kuku ndani yake, mpaka yakawa kijani na kujaa vidudu visivyoonekana kwa macho. Vidudu hivyo ndivyo wangekula. Nilikuwa naisubiri mara ya tatu. Nilitaka kumwona mmoja, mmoja tu, akiacha kuelea na kushika jiwe kwa miguu yake mwenyewe.

Mwalimu hakuwa na subira ya kutazama. Nikimpa lenzi husema, "Karani, nimeshinda na madaftari ya watoto, na wewe unanipa mavumbi?" Lakini kusikiliza alipenda. Tukila, aliuliza: kwa nini nta, kwa nini watoto hufuata mwanga, inakuwaje wakae wawili wawili. Nilifurahi kuulizwa.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa kwetu wanahamishiwa kijiji kipya. Mama alikuwa peke yake, na nyumba ilibidi ibomolewe, nguzo zibebwe. Niliomba ruhusa ya siku kumi. Mayai yalikuwa yameanza kuonyesha macho, vidoa viwili vyeusi kwa kila yai. Nilimwonyesha mwalimu mpira, pampu, chupa za dirishani.

"Watoto wakitoka, usimwage maji. Wamiminie yale ya kijani, kikombe kimoja asubuhi. Basi."

"Nenda ukamhamishe mama, bwana. Huyu mjamzito ni shemeji yangu, nitamtunza."

Niliporudi, mgongo ukiniuma kwa nguzo, nilimkuta mama mwenye nyumba akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari. Mwenzio kaenda Lindi kwenye maonyesho ya wakulima, kawachukua wageni wako ndani ya ndoo. Hukumtuma wewe?"

Nikasema nimemtuma. Sijui kwa nini nilimfichia. Kesho yake nilipanda lori la nazi.

Niliwakuta katika banda la elimu, ndani ya beseni la kioo, watu wamejazana. Mwalimu alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, anaeleza. Maneno yalikuwa yangu: nta, mpira wa tairi, maji ya kijani. Hata mahali pa kunyamaza ili watu washangae palikuwa pangu. Kwenye kibao kilichoandikwa kwa chaki lilikuwapo jina moja, lake. Mbele alisimama mkubwa mmoja wa mkoa.

"Hii ndiyo elimu ya kujitegemea," mkubwa alisema. "Mwalimu kama huyu anafaa kupelekwa chuo."

Hapo mwalimu akaniona. Alisita kidogo sana.

"Karibu, ndugu! Mheshimiwa, kijana huyu ndiye aliyekuwa akinichotea maji."

Mkubwa akanigeukia, mpole kabisa. "Hongera, kijana. Ulikuwa unachota mbali?"

Watu wote walinitazama. Kila neno nilikuwa nalo.

"Si mbali, mzee," nikajibu.

Walipotawanyika niliinama kwenye beseni. Tumbo la jike lilikuwa tupu.

"Mayai yako wapi?"

"Yalipotea tu. Niliwatia ndooni jioni, asubuhi nikakuta maji yamechafuka, kuna vumbivumbi linachezacheza. Nikayamwaga uani, nikachota mengine. Ningewaletaje watu uchafu?"

"Linachezacheza?"

"Eeh."

Nilimsubiri aone mwenyewe. Hakuona.

"Usikasirike, karani," akasema chini chini. "Wewe kazi ya kalamu unayo. Mimi nafasi kama hii siipati tena. Nikitoka chuo tutaanza upya. Si unajua namna yake?"

"Najua."

Akanipigapiga begani kana kwamba tumeelewana. Watu wengine wakaingia, naye akawageukia. "Hawa, ndugu zangu, ni mke na mume."

Nilirudi Mchinga kukabidhi kazi, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa Mtwara. Baada ya hapo Pangani, Tanga, na kwingine ambako sikukaa hata mwaka. Lile la kumwaga maji nimemsamehe, kwa kuwa hakujua. Lile la kuniita mchota maji alilijua. Mara nyingine bahari ikitoka mimi hutembea kwenye miamba na kuchungulia mashimoni, na zaidi ya mara moja nimewaona wawili wa mistari myekundu, jike amebeba mayai. Huwatazama kitambo, kisha huendelea na safari yangu.