Teke la Bihogo

Nikisikia harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, hata sasa, mkono wangu huinuka wenyewe kutafuta bega la ng'ombe. Bihogo alikuwa ng'ombe wa Mzee Simeoni, mkimbizi aliyevuka mpaka kwa miguu kutoka Burundi. Baba alimpa chumba cha uani kwetu Kasingirima, mtaa wa Ujiji. Mke na watoto wake hawakufika. Alifika yeye na ng'ombe. Alikula akiegemea ukuta, uso mlangoni.

Sisi watu wa Ujiji tulijua migebuka, samaki wa ziwani kwetu, na mgebuka hapigi mtu teke. Kwa hiyo mzee alinifundisha kwa subira, nikiwa na miaka minane. Usimwendee kwa nyuma. Mwite kwanza, akusikie. Weka kiganja begani, ukipeleke polepole hadi kiunoni bila kukiinua, ajue uko wapi. Ukipita nyuma yake, mpitie mbali kabisa, mguu usikofika. "Buhoro, Bihogo, buhoro," alimnong'oneza kwa Kirundi, yaani polepole, nami nikamwiga mpaka mama akasema atakayenioa alete majani badala ya posa.

Asubuhi moja nilimkuta mzee amechuchumaa akikamua, kanipa mgongo. Bihogo aligeuza kichwa, akaniona, akaendelea kucheua. Nikanyata, nikamziba mzee macho kwa viganja vyangu, kama tulivyozibana sisi watoto, akisie ni nani.

Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Akajirusha mbele, akamgonga ng'ombe tumboni, na teke likamkuta gotini. Maziwa yalimwagika miguuni pangu.

Baba alipokuja mbio, mzee alisema, "Ni nzi tu. Nzi amemwuma Bihogo." Akanitazama.

Goti halikupona. Asiyeweza kuchuchumaa hawezi kukamua, wala kwenda kukata majani. Bihogo akauzwa kwa mchinjaji, na mzee akapandishwa lori la kwenda kambini, kibuyu mapajani. Hatukumwona tena.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa kumshtua ng'ombe. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipokumbuka vizuri kwamba Bihogo aliniona na hakushtuka. Aliyeguswa kwa nyuma bila kuitwa ni mzee, na sijui alidhani ni mikono ya nani imemfikia. Naona uchungu mpaka leo. Kila siku alinionyesha namna ya kumkaribia kiumbe mwenye hofu, nami nikadhani anazungumza habari za ng'ombe.