Chumba cha Viungo cha Mwamvita

Ukitaka kumuudhi Mwamvita wa Bigwa, mwambie ajiajiri. Amejiajiri tangu ujanani, anasaga mdalasini na pilipili manga za Uluguru, na mpaka leo anauza kwa kutandika chini.

Duka moja kubwa la Dar lilipenda viungo vyake, ila lilitaka nembo ya ubora. Nembo ikataka chumba maalumu. Chumba kikataka mkopo. Benki ikataka hati, na kiwanja ni cha ukoo, upande wa mama kama ilivyo kwa Waluguru. Hakina hati wala hakiwekwi rehani. Basi akauza mbuzi wake wote, akajenga kwa kudunduliza: vigae sakafuni, wavu madirishani. Akaomba ukaguzi. Njoo leo, njoo kesho, hadi masika yakaingia.

Hatimaye akapewa Jumanne. Jumapili bibi wa ukoo, Asia, akafariki. Ndugu wakateremka kutoka milimani wameloa chapachapa, na Mjomba Hafidhi, mkubwa wa ukoo, akawafungulia kile chumba.

"Shikamoo, mjomba," Mwamvita alisema akijizuia. "Humo wasilale jamani. Keshokutwa nakaguliwa."

"Marahaba. Sasa tuwalaze wapi, mvuani? Kiwanja cha ukoo, msiba wa ukoo."

Ukimfukuza mfiwa, siku ukifiwa wewe utazika na nani? Alirudi kuchambua mchele.

Siku ya Jumanne mkaguzi, kijana aitwaye Evance, alifika kweli, na kwa wakati, kana kwamba amefanya makusudi. Akakuta magodoro ukuta kwa ukuta, kanga zimeanikwa kwenye wavu, sufuria la uji juu ya mashine ya kusagia. Akavua viatu, akatoa pole, akatoa na rambirambi. Alipoaga alimvuta Mwamvita pembeni.

"Mama, pole sana. Lakini chumba kinalaliwa na watu. Itabidi uombe upya."

Upya! Mwamvita alitamani kupiga yowe, ila hata hilo wangedhani analia msiba.

Siku ya kuanua matanga, Mjomba Hafidhi alisimama mlangoni mwa chumba, uso umemkunjuka.

"Tumshukuru mpwa wetu. Ukoo sasa umepata ukumbi. Arobaini tutaisomea humu humu. Mungu amzidishie, azidi kutujengea."

Watu wote wakainua mikono. Mwamvita naye akainua yake, akajisikia akisema amina.