Thermostat ya chumba cha mtoto wangu Butembo ilivyonitoa jasho nikiwa Beni

Wakuu, salamu kutoka Beni. Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wa kimyakimya humu, huwa napita, nacheka, naondoka. Leo naandika kwa sababu mpaka sasa nikiona namba ya digrii kwenye simu, naiangalia mara mbili.

Sitaongeza chumvi. Stori yenyewe imeshakolea.

Kiswahili changu ni cha Kongo. Nimejitahidi kukinyoosha, mkikuta kimepinda mahali mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Beni, commune ya Ruwenzori. Familia yangu iko Butembo, kwenye commune ya Mususa. Kwa wasiojua, Beni ni joto, unafundisha shati limelowa. Butembo iko juu milimani, asubuhi watu wanavaa makoti na ukungu unaingia hadi sebuleni.

Mke wangu Kavira alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, tukamwita Masika kama wasichana wengi wa kwanza kwetu. Alikuwa mdogo mpaka niliogopa kumshika. Hospitali walimtunza, wakaturuhusu, ila muuguzi alimwambia Kavira maneno mawili: mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi, na chumba kisipoe.

Chumba kisipoe. Butembo!

Nikanunua radiateur ya umeme, ile hita ya kupasha chumba joto, na fundi mmoja wa simu akanipatia thermostat ya kuprogramu, ile inayounganishwa na WiFi. Unaipachika ukutani, inapima joto la chumba, inawasha na kuzima radiateur yenyewe kwa ratiba uliyoipa. Na wewe unaona kila kitu kwenye application ya simu hata ukiwa mji mwingine.

Wakuu, nilijiona injinia.

Niliifunga mwenyewe, mbali na dirisha na mbali na radiateur ili isidanganyike. Halafu nikaziba nyufa zote za madirisha kwa sponji na karatasi ya gundi, na chini ya mlango nikaweka kitambaa kizito. Hata sisimizi asingepita. Nilitaka joto likae ndani.

Ratiba yenyewe niliiandika baada ya kurudi Beni, nimekaa kibarazani na vesti, jua linachoma. Nikaweka usiku digrii ishirini na tano. Kuanzia saa za mchana hadi jioni nikaweka radiateur ipumzike, nikijiambia mchana si kuna jua, umeme wa kulipia kabla usiliwe bure. Mtu akiwa na joto mgongoni anasahau kama kuna baridi duniani.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana bila hili hamtaelewa.

Mama mzazi wa Kavira alikuja kumsaidia binti yake na mtoto. Kwetu, mimi na mama mkwe tunaheshimiana kwa umbali. Siingii chumba anacholala. Simpi maelekezo. Nikitaka kusema jambo, namwambia Kavira, Kavira anamfikishia. Tukikutana uani, yeye anageuza uso kidogo na mimi naangalia chini, tunasalimiana, kila mtu na njia yake. Ni heshima nzuri, sina ugomvi nayo.

Kwa hiyo kifaa kile nilimweleza Kavira peke yake. Kwa mama nilituma ujumbe mmoja tu kupitia kwa binti yake: "Mwambie asiiguse."

Basi.

Siku yenyewe nilikuwa nimemaliza vipindi. Nikafungua application, kama kawaida yangu. Chumba kimeshuka hadi kumi na tisa. Roho ikashtuka, lakini kabla sijafanya kitu nikaona namba inapanda. Ishirini na moja. Ishirini na tatu. Ishirini na tano.

Nikafurahi kabisa. Nikasema jua limetoka Butembo, ratiba yangu inafanya kazi. Nikaenda kununua soda kwenye kiosk karibu na shule.

Pale kiosk akasimama kijana wa moto-taxi, yaani bodaboda, koti la mvua linachuruzika, matope hadi magotini. Mwenye kiosk akamuuliza anatoka wapi.

"Butembo," akasema. "Kule iko mvua tu tangu asubuyi. Jua hatukuiona hata kidogo."

Nilikuwa na chupa mdomoni. Nikaishusha.

Nikafungua simu tena. Digrii ishirini na saba. Radiateur: imezimwa.

Wakuu, radiateur imezimwa, nje mvua, na chumba kinapanda. Joto linatoka wapi?

Jibu lilikuja lenyewe. Mbabula. Jiko la makaa. Kuna mtu ameingiza mbabula chumbani, chumba nilichokiziba mwenyewe kwa mikono yangu.

Mnaojua makaa mnajua. Ile hewa yake mbaya haina harufu, haikohozi mtu. Inakulaza tu. Unasikia kichwa kizito, unasema ngoja nijinyooshe kidogo, na huamki. Na mle ndani kulikuwa na mama, bibi, na mtoto asiyefika hata uzito wa kuku.

Nikampigia Kavira. Inaita, inaita, inakata. Tena. Tena. Baadaye nilijua simu ilikuwa inachajiwa sebuleni, karibu na modem.

Nikampigia jirani, Mama Rachel, mwenye kibanda cha duka mkabala na kwetu. Akapokea!

"Mama Rachel, kimbia kwangu! Fungua chumba!"

"Allô? Papa Masika? Sisikie kitu! Mvua iko inapiga ku manjanja!"

"Nyumbani kwangu! Mlango!"

"Mais sisikie, bana! Utapiga nyuma!"

Ati nipige baadaye, akakata. Manjanja ndiyo mabati, na mabati ya Butembo mvua ikiyapiga hata ngoma ya kanisa huisikii. Nikamwandikia meseji, haikusomwa.

Nikawaza kumpigia mama mkwe. Nikatafuta jina lake kwenye simu.

Sina namba yake.

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuwa na namba ya mama mkwe wangu, wala yeye ya kwangu. Ingekuwa ya nini? Nilikaa chini kwenye vumbi, mwalimu mzima na tai, wanafunzi wanapita wananiangalia. Barabara ya Beni kwenda Butembo, kwa mambo ya usalama, wote mnajua si ya kukurupuka, na hata ningeruka juu ya moto-taxi dakika ile ile, ningefika kuzika.

Digrii ishirini na nane.

Nilikuwa naomba kwa sauti, sijali nani anasikia. Na vidole vinabonyeza ile application bila akili, nafungua hapa, nafunga pale. Ndipo nikaona kengele.

Thermostat ina kengele ya joto. Chumba kikizidi kiwango ulichoweka, kifaa kinalia. Mimi nilikuwa nimeiweka thelathini na kuisahau. Nikaishusha hadi ishirini. Kiduara kikaanza kuzunguka. Network ya kwetu, wakuu, kiduara kinazunguka kama kimetumwa kunimaliza.

Kikakubali. Kengele: inalia.

Lakini inalia na nani anasikia? Sina kamera mle ndani. Sina sauti. Nina namba moja tu ya kuangalia.

Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane.

Ishirini na saba.

Nikadhani macho yangu yananidanganya. Ishirini na tano. Ishirini na mbili. Ilianza kuporomoka, na mimi, niliyepigana na baridi ya Butembo kwa pesa na jasho, nilikuwa napiga kelele pale chini: "Ingia! Baridi, ingia!" Mlango ulikuwa umefunguliwa. Sikujua nani ametoka na nani amebaki, lakini ulikuwa umefunguliwa.

Simu ikaita. Mama Rachel.

"Papa Masika, mvua inapunguka! Mama mukwe yako iko huku kwangu na mutoto mu mikono, analia. Anasema machine inataka kupasuka! Bijana banamutosha Kavira inje, anatapika, mais iko anaongea."

"Na mtoto?"

"Si iko analia? Husikie?"

Nilisikia. Nikalia na mimi.

Walipelekwa hospitali. Kavira akawekewa oksijeni, kichwa kilimuuma mno, kesho yake akakaa vizuri. Mtoto walimchunguza wakasema ameponea chupuchupu. Muuguzi alisema wangechelewa kidogo tu, halafu hakumaliza sentensi. Sikumuomba aimalize.

Nilifika Butembo asubuhi iliyofuata, nikawakuta wameruhusiwa kurudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa uani, kitenge kichwani, uso ukutani. Mbabula ameitupa kwenye matope. Akaongea na Kavira ili mimi nisikie:

"Umuambie bwana yako, ile machine ilizima katikati ya mvua. Niliona imekufa, na wewe ulikuwa unalala. Miguu ya mutoto ilikuwa baridi. Batoto yangu yote nilibakomeshea pa moto ya makala."

Na ni kweli. Aliwakuza wote pembeni ya moto, lakini kwenye nyumba ya udongo yenye kupumua kila upande, si kwenye chumba kilichozibwa na mkwe wake injinia. Hakuna aliyemwambia kwamba kifaa kikinyamaza hakijafa.

Nikavunja utaratibu. Nikaenda mbele yake, nikachuchumaa, nikasema naye mwenyewe.

"Mama, ile haikufa. Ilikuwa inapumuzika. Mimi njo niliiambia vibaya."

Akajibu bila kunitazama: "Sasa kama inapumuzika, mutu atajuaje?"

Nikamwonyesha zile namba na taa ndogo. Nikabadilisha ratiba pale pale, mchana na usiku digrii zile zile. Nikachana sponji la dirisha moja. Na nikaomba namba yake ya simu. Kavira alifunika mdomo kwa mshangao, lakini mama alinitajia, taratibu, akiangalia ukuta.

Somo nililopata si kubwa, wakuu. Makaa yasilale na watu chumba kimoja, hata mlango ukiwa wazi. Na ukileta kifaa cha kisasa nyumbani, mwelekeze yule anayekaa nacho, si yule ambaye ni rahisi kwako kuongea naye.

Siku hizi kila mchana simu yangu inaita darasani. Wanafunzi wameshajua, wananyamaza wenyewe.

"Mukwe, iko makumi mbili na tano. Mutoto analala."

Halafu anakata kabla sijajibu, kwa heshima.

Karibuni mniulize kuhusu kifaa, mnicheke, mnigombeze, yote sawa. Ila kabla hujaandika chochote, fungua simu yako uangalie: yule aliyebaki na mtoto wako sasa hivi nyumbani, namba yake unayo?