Kijiti Kilichofika Bila Salamu

Siku yangu ya kwanza barabarani sikuajiriwa kushika bendera. Niliajiriwa kuchota maji. Ilikuwa barabara ya maram karibu na Pap Onditi, kwetu Nyakach, na udongo ulilazimika kunyweshwa kabla grada haijausawazisha, kwa sababu maram kavu haishikani, inageuka vumbi tu. Nilifika na ndoo yangu, nimefunga leso kiunoni, nikiwaza namna nitakavyomficha mama yangu kwamba nimeacha shamba. Jua halijapanda sana, Nyapara, yule msimamizi wa vibarua, akagundua kuwa mshika bendera wake hajaonekana. Akatupitishia macho wanawake wote, akaninyooshea kidole.

"Wewe mrefu. Uko na sauti?"

"Niko nayo."

"Wacha hiyo ndoo. Shika hii. Nyekundu wasimame, kijani wapite. Usipigane na dereva na usiogope dereva."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote. Siku hizi nasikia vijana wanakalishwa darasani, wanapewa koti linalong'aa na viatu vya chuma puani, na mimi nafurahi kabisa, maana viatu vyangu vya kwanza vilikuwa patipati za mpira. Yule mshika bendera alirudi kesho yake na visingizio vyake, akapewa ndoo. Nadhani hakunisamehe hadi leo.

Kazi yenyewe watu huidharau kwa sababu wanaiona wakiwa wameketi ndani ya gari, wamekasirika. Wanadhani tumesimama tu. Lakini barabara ikichimbwa upande mmoja ili itiwe kiraka, unabaki upande mmoja wa kupita, na magari ya kwenda na ya kuja hayawezi kuutumia pamoja. Inabidi zamu. Mshika bendera mmoja husimama mwanzo wa kazi, mwingine mwisho wake, na wengine wote katikati, wenye sepetu, wenye toroli la lami, dereva wa rola, huinama wakafanya kazi wakiwa wamewapa mgongo wenye magari. Wanainama kwa sababu wanakuamini. Ukikosea, wao ndio wanaogongwa.

Mambo ya kijiti niliyajulia Port Victoria. Nilihamishiwa huko pamoja na kambi nzima, na huko ndiko nilikojua maana ya dereva mwenye haraka. Malori ya samaki yalifika kwangu yakidondosha maji ya barafu, na kila dereva alikuwa na wimbo uleule.

"Mama, samaki haiwezi ngoja."

"Samaki yako ilishakufa. Haiendi mahali."

Hapo palikuwa na kona nyingi, wenzangu wa upande wa pili hawaonekani, na redio za mkononi hatukuwa nazo. Inspekta wa Barabara, aliyekuwa mkubwa wa Nyapara, mtu mnene aliyependa kuongea akiwa ameshika mkanda wa suruali, akatuletea kipande cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, urefu wake kama mwiko wa ugali. Dereva wa gari la mwisho katika zamu alipewa kijiti hicho akifikishe upande wa pili. Kikifika, mwenzako anajua njia ni tupu, anafungua magari ya upande wake, na la mwisho linakirudisha kwako.

"Hii kijiti ndio mdomo yenu," Inspekta alisema. "Ikifika, barabara iko wazi. Kama haijafika, hata bwana harusi asipite."

Upande wa pili alikuwa Bwana Odhiambo. Tulisimama mbali hivi kwamba kwa wiki za kwanza nilimjua kwa salamu kuliko kwa sura. Maana kijiti hakikuwahi kwenda kimya. Nikimkabidhi dereva nilimwambia, "Mwambie Odhiambo chai imebaki kwa birika." Kikirudi, dereva aliniambia, "Huyo mzee wa huko anasema mvua imeanza upande yake." Siku moja dereva wa lori la omena akakitoa dirishani huku meno yote nje: "Ameniambia nikuambie dereva wa rola anakuulizia." Dereva wa rola ndiye Ouma. Foleni nzima ya Port Victoria ilijua habari za ndoa yangu kabla wazazi wangu hawajazisikia. Jamani, tulicheka sana miaka ile.

Tulipoletwa Kisumu kutengeneza barabara kuu ya Mamboleo tulikuta mkubwa wa aina nyingine, Mhandisi wa mradi. Alikuwa mtu wa haki, asiyetukana mtu, na asiyecheka. Alitukusanya asubuhi ya kwanza akakusanya na simu zetu zote, zikafungiwa ndani ya sanduku la vifaa. "Mtu wa simu haoni gari," alisema, na kwa hilo alisema kweli. Kisha akamsikia Odhiambo akinitumia salamu. "Kijiti ni kijiti," akatuambia. "Hapa sio posta." Tukasema ndiyo, bwana, na tukaendelea kwa sauti ya chini.

Sasa nije kwa siku ambayo wajukuu hunidai kila wakija likizo. Tulikuwa tukiweka lami kwenye mteremko wa kutoka Kiboswa. Mimi nilikuwa chini, upande wa Mamboleo. Odhiambo alikuwa juu, nyuma ya kona, haonekani. Katikati walikuwa vibarua na sepetu zao, na Ouma juu ya rola, akishindilia lami ingali moto, kwa sababu ikipoa haikubali kushikana. Upande wa Odhiambo malori ya mawe yalikuwa yamejipanga yakingoja zamu ya kuteremka.

Nilifungua magari yangu. La mwisho lilikuwa gari dogo jeupe, ndani kijana mmoja aliyekitazama kioo cha nyuma kuliko alivyonitazama mimi. Nikampa kijiti.

"Hii upelekee huyo wa bendera huko juu. Mwambie Odhiambo leo nimebeba viazi tamu."

"Poa, mathe."

Alikuwa amepanda kidogo tu niliposikia king'ora. Gari la polisi likatoka Mamboleo kwa kasi, likaja hadi pua yake ikagusa koni zangu. Koplo mmoja akatoa kichwa.

"Mama, toa hizo koni."

"Afande, kijiti imeenda. Hakuna gari inaingia."

"Kijiti gani? Hiyo gari nyeupe imeibiwa huko town. Toa."

Nilifungua mdomo nimweleze, kisha nikainua macho kwenye mteremko. Gari jeupe nalo lilikuwa limesikia king'ora. Lilitoka kwenye mstari, likapanda juu ya lami yetu mbichi, likaanza kuyapita yaliyokuwa mbele yake, moja baada ya jingine. Vibarua walijitupa mtaroni na sepetu zao. Lilimpita Ouma karibu liikwaruze rola, na Ouma hakugeuka, kwa sababu miaka ya injini ile ilikuwa imekula masikio yake. Kisha likapotea konani, mbele ya magari yote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kijiti cha gari la mwisho kilikuwa kinakwenda kufika cha kwanza. Odhiambo angekipokea, angedhani njia ni tupu, angeyafungua malori. Lori la mawe likishashika mteremko ule halisimami upesi. Lingekutana na magari yangu yakipanda katika njia moja ile ile, lingekwepea juu ya lami, kwenye rola, na mume wangu asingesikia hata honi.

Nikazipiga koni teke. "Afande, ingia. Lakini ukifika huko juu, simamisha malori. Mwambie Odhiambo asifungue."

"Nikisimama, huyo mtu ataenda."

"Ataenda. Mwenye rola ni bwana yangu, na hasikii."

Alinitazama, akaitazama rola. Alimpiga dereva wake begani, wakapanda.

Niliwaona wakipita kando ya magari, wakapotea konani. King'ora kiliendelea kidogo, kisha kikanyamaza. Sikuweza kujua kimenyamaza kwa sababu wamesimama au kwa sababu wameshakwenda mbali. Bendera nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, na macho yangu yako kwenye kona nikingoja kuona pua ya lori. Niliomba kwa sauti. Wenye magari waliokuwa nyuma yangu, ambao kwa kawaida hunipigia honi na kuniuliza kama nimelala, siku hiyo walishuka wakaitazama kona pamoja nami.

Lori halikuja. Magari yangu yalipita konani moja moja hadi yakaisha. Ouma akamaliza mstari wake, akashuka na rola polepole kama kawaida yake, akasimama karibu nami, akavua kofia.

"Mbona watu wamesimama? Lami inapoa."

Nilicheka, kisha nikalia. Nilimshika mguu, maana ndipo mkono wangu ulipofika, na yeye akadhani nimepandwa na malaria.

Mambo ya huko juu alinisimulia Odhiambo. Yule kijana hakusimama. Alikirusha kijiti dirishani akapita. Odhiambo akakiokota. Madereva wa malori walikiona, wakawasha injini, na wa kwanza akamwambia, "Mzee, kijiti si hiyo? Fungua." Odhiambo akaenda kusimama mbele ya lori lake na bendera nyekundu.

"Haijakuja na neno," alinieleza, akiniita kwa Kiluo binti wa Nyakach. "Nyar Nyakach hajawahi kunitumia kijiti bila kusema kitu. Nikajua kuna kitu imeharibika."

Basi alipotokea Koplo na kuliegesha gari lake katikati ya barabara, alikuta malori hayajasogea. Alikuwa amempoteza mwizi wake bure. Wakati wa kurudi alisimama kwangu.

"Mama, nimeachilia mtu yangu juu ya kijiti yako."

"Pole, Afande."

"Na mzee yako?"

Nikamwonyesha Ouma, aliyekuwa kando akila viazi vitamu. Koplo akamtazama. "Sawa," akasema, akaondoka. Sijui wakubwa wake walimfanya nini. Sikumwona tena, na ningependa sana kumshukuru vizuri, kwa kuwa siku ile nilimpa pole tu.

Mhandisi alikuja mchana, akasikiliza yote, akakigeuza kijiti mkononi. "Redio zitakuja," alisema, na kwa kweli zikaja. Sitadanganya kwamba kijiti kilikuwa bora. Redio haiibiwi na mpita njia. Ila betri ilibidi itunzwe, kwa hiyo tulisema "iko wazi" na "funga" basi, na Odhiambo alipostaafu sikujua hata kama mkewe, aliyekuwa akiugua, alikuwa amepona. Nami nikamfuata baada ya miaka michache, nikarudi nyumbani na magoti mabovu na uso uliochomwa na jua. Nikipita Mamboleo huwa naikanyaga barabara ile nikijua ni nani aliinama wapi.

Ouma sasa hasikii kabisa sikio la kulia. Nikiwasimulia wajukuu hadithi hii, hukaa akinitazama midomo, kisha ananikatiza.

"Mimi nilikuwa hapo," anawaambia. "Huyu anatia chumvi. Hakuna kitu ilifanyika."

Zamani nilibishana naye. Siku hizi namsogezea chai, namwambia karibu na lile sikio zima, "Ni kweli, Baba Akinyi. Hakuna kitu ilifanyika."