Kope za Mpika Ajono

"Wewe mgeni, toka hapo! Unanizibia upepo, moshi wote unakuja kwangu!"

Ndivyo Akiteng alivyonikaribisha nyumbani kwake Buteba, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Alikuwa ameinama juu ya bati pana lililowekwa motoni, akikaanga unga wa wimbi uliochacha. Unga huo ukikauka na kuchanganywa na kimea ndio ajono, pombe ya Waiteso. Moshi wake unakwaruza koo na kutia machozi. Kwa miaka ishirini na sita Akiteng amekaa mbele ya bati hilo na kusomesha watoto wanne.

Alipoinua uso nikaona kope. Kingo zake zilikuwa nyekundu kama kidonda kibichi, na kwenye mizizi ya nywele kulikuwa na magamba madogo ya manjano. Alisema asubuhi macho hayafunguki mpaka ayaloweshe, maana matongo huyagandisha usiku kucha. Mchana yanawasha kama yametiwa mchanga.

Lakini siku hiyo alikuwa na hasira kwa sababu ya mjukuu. Okwi, mwanawe, alikuwa amepata binti, na baada ya wiki sita mtoto angepewa jina. Kwa desturi yao, mama wa baba mtoto huchovya kidole kwenye ajono, akakigusisha midomoni mwa mtoto huku akitaja majina. Jina litakalotajwa mtoto akanyonya kidole, ndilo lake. Ukoo ulikaa, bila Akiteng, ukaamua kazi hiyo ifanywe na Prossy, wifi yake. Walisema macho ya Akiteng yatamwambukiza mtoto. Becky, mke wa Okwi, aliyeolewa kutoka upande wa Kenya, alikuwa ameanza kumfunika mtoto uso kila mama mkwe alipopita.

"Lakini ajono ya sherehe napika mimi," Akiteng aliniambia, akiugeuza unga kwa nguvu mpaka ukamwagika. "Mikono hii ikikanda unga wao, ni safi. Ikimshika mtoto wangu, ni uchafu. Wewe umetembea sana, niambie, hiyo ni akili ya nchi gani?"

Nimepita miji mingi ya mpakani, na katika yote nimeona watu wakila kwa jasho la mtu wasiyetaka kumgusa.

Si kwamba hakutafuta dawa. Mwaka uliotangulia alikwenda kwenye duka moja la dawa pale Busia, karibu na mpaka. Muuzaji hakuinuka kitini. Alikuwa akitazama mpira kwenye simu. "Macho mekundu? Chukua hii," akasukuma kichupa cha matone. Siku mbili macho yakawa meupe. Alipoacha, wekundu ukarudi umezidi. Akanunua tena, na tena, miezi minane. Hakuna aliyemtazama jicho. Hakuna aliyemwambia kwamba matone yale yalikuwa na steroidi, dawa ambayo ikitumiwa muda mrefu bila kupimwa huweza kupandisha presha ndani ya jicho na kumpofusha mtu polepole, bila maumivu yoyote. Nikimfikiria muuzaji yule na mpira wake, natamani kumpasulia simu.

Kwa hiyo, nikiwa bado mgeni wake, mtu alipomtajia duka la Hansaben mjini Tororo, alikwenda mbio. Hansaben ni mama wa Kihindi anayeuza viungo na dawa za Ayurveda, tiba ya kale ya kwao. Huyu angalau alimkalisha mwangani na kumtazama. Akampa trifala, unga wa matunda matatu yaliyokaushwa. Chemsha kijiko kimoja, akamwambia, chuja mara nne kwa kitambaa safi cha pamba, osha macho maji yakiwa vuguvugu, kinachobaki mwaga.

Akiteng alichemsha, akachuja. Kisha akafunika chungu na kukiacha siku tatu. Katika kazi yake hakuna kitu kinachofaa siku ya kwanza, na dawa ya siku moja ingekuwa na nguvu gani? Siku ya nne maji yalikuwa na povu. Akafurahi kwamba imeiva, akaosha macho yote mawili.

Alfajiri kope zilikuwa zimevimba kama mayai.

Aliomba nimpeleke Tororo. Tulipanda boda, yeye kajifunga khanga usoni, chungu mapajani. Alikitua juu ya kaunta ya Hansaben kwa kishindo.

"Dawa yako hii! Imeniua macho!"

Hansaben alifunua, akanusa, akarudi nyuma. "Mama, hii si dawa tena. Hii ni pombe! Umeyalewesha macho!"

"Uliniambia kwa haraka!"

"Nilikuambia mwaga! Mara mbili nilikuambia!"

"Mimi simwagi kitu kinachochacha! Nimelishwa na vitu vinavyochacha!"

Waligombana hivyo mpaka wateja wakajaa mlangoni. Halafu Hansaben akafunga duka, akamshika Akiteng mkono, tukaenda kwa Oketcho, mganga wa macho kwenye zahanati ya jirani.

Oketcho alisafisha macho yale kwa maji safi ya dawa, akayatazama kwa mashine, akapima presha. Ilikuwa imepanda kidogo, haijaharibu kitu. Akiteng akamtolea kile kichupa cha Busia alichokuwa bado anakitumia; Oketcho alikinyanyua kama mtu aliyeshika panya mfu. "Nani amekuuzia hii?" Akampangia namna ya kukiacha na tarehe za kupimwa tena.

Kisha akaeleza. Kwenye ukingo wa kope kuna matundu madogo yanayotoa mafuta. Yakiziba, mafuta hugeuka mazito, vijidudu huzaliana, kope huvimba, na moshi huchochea yote. "Hii haiponi moja kwa moja kama malaria. Utaituliza, ikirudi utaituliza tena." Kitambaa safi chenye joto juu ya macho yaliyofumbwa, dakika kumi, asubuhi na jioni. Kope zikandwe taratibu, zifutwe ukingoni kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa na tone la shampuu ya watoto. Mafuta ya dawa ya kuua vijidudu kwa wiki mbili. Bati lihamishwe upande ambao upepo unaondoa moshi.

"Na trifala yangu?" Hansaben akauliza, amekunja uso.

"Ushahidi wake ni mdogo, mama. Na maji ya mitishamba yaliyochemshwa jikoni hayana usafi wa kutosha kuingia ndani ya jicho. Lakini kitambaa cha joto nakubali."

"Hicho bibi yangu alikuwa nacho kabla ya kliniki yako."

Akiteng hakucheka. "Musawo," akamwita daktari, "inaambukiza?"

"Hapana."

"Rudia. Kwa sauti."

"Haiambukizi!"

Aliwapelekea ukoo habari hiyo. Wakamwambia maneno ya daktari ni maneno tu.

Siku ya jina ikafika. Kope zilikuwa zimetulia, zimebaki na wekundu kidogo. Chungu kilikuwa katikati, watu kumi na wawili wamekizunguka na mirija yao mirefu ya kunywea. Prossy alikuwa amekwisha kunawa. Kilichobaki ni maji ya moto, kwani bila hayo ajono ni machicha makavu, na birika lilikuwa mkononi mwa Akiteng. Hakumimina.

"Toto, mimina," akasema Okwi, akimwita mama yake kwa Kiteso. "Watu wanangoja."

"Na mimi nangoja. Mtoto yuko wapi?"

Mzee Emong, kaka wa marehemu mumewe, akakohoa. "Mama Okwi, usituaibishe mbele ya wageni."

"Aibu mlikaa mkaipanga nyinyi."

"Wifi, si ubaya," Prossy akasema. "Ni ugonjwa tu."

"Ugonjwa gani? Utaje."

Prossy akajifuta ile mikono aliyonawa.

"Hujui. Mnakunywa moshi ulionichoma macho, halafu mnaniogopa macho."

Becky akasimama. "Jumanne nilimpeleka mtoto kwa daktari Oketcho. Nilimuuliza mimi mwenyewe. Alisema hakuna kitu cha kuogopa." Akapita katikati ya mirija, akamweka mtoto mikononi mwa mama mkwe.

"Jumanne!" Akiteng akamkazia macho. "Leo Jumamosi. Ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa, Mama."

"Mimi sikuogopa?"

Kwa mkono mmoja alimimina kidogo tu chunguni, kiasi cha kulowesha kidole, akanawa, akangoja ipoe, akakichovya kidole na kukigusisha midomoni mwa mtoto. "Among," akasema. Mtoto akageuza uso. "Apolot." Mtoto akanyonya.

Watu wakapiga vigelegele, mirija ikaanza kugombania chungu. Akiteng alimsogezea Okwi birika kwa mguu, mjukuu amempakata kifuani.

"Mimina wewe," alisema. "Mimi nina kazi."